Dari ya Ofisi ya Majengo

Saa mbili kasorobo asubuhi ya Jumatatu, Bi Shaka alishusha ngazi yake kutoka kwenye keria ya gari, akaiegemeza ukutani, kisha akatandaza turubai dogo barazani na kupanga vifaa vyake: chupa ya kunyunyizia yenye maji na tone la sabuni, kisu, koleo, mifuko midogo ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika, barakoa mbili na kopo la lipu la kuzibia matundu. Alivihesabu. Akavihesabu tena, maana mara ya kwanza kuna mtu alikuwa amepita nyuma yake.

Jina la Bi Shaka hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake wa maabara, siku walipomkuta akipima rula kwa rula nyingine. Hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kupima majengo ya zamani kabla hayajakarabatiwa, ijulikane kama dari, rangi au sakafu zake zina kitu cha kudhuru watu, na katika kazi hiyo mwenye kuamini upesi huzikwa mapema. Adui yake mkubwa alikuwa asbesto, madini ya nyuzi nyuzi. Zamani wajenzi waliitia kila mahali, kama mpishi mwenye mkono mzito wa chumvi. Ikiachwa ilipo haina neno. Ikivunjwa kavu, vumbi lake huingia kifuani likakaa humo miaka ishirini, thelathini, kama mgeni asiyejua kuaga. Likianza kuuma, daktari hana dawa.

Jengo la siku hiyo lilikuwa Ofisi ya Majengo yenyewe, yaani ofisi inayoandika barua za kuamuru majengo mengine yapimwe. Lilikuwa na vyumba kumi na viwili chini na kumi na viwili juu, korido mbili na ngazi ya zege. Katika chumba namba saba, chini, alikaa dada yake, karani mchapaji aliyekuwa kazini humo kwa miaka ishirini na miwili. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kusoma saa. Siku hizi alikuwa na kikohozi. Alisema ni vumbi la mafaili. Bi Shaka hakukubali kwamba faili linaweza kumkohoza mtu miaka minne, ndiyo maana aliiomba kazi hii mwenyewe, na kazini kwake hakumwambia mtu kuwa ana ndugu humo ndani.

Mambo yalikuwa wazi. Mafundi walipangiwa kuanza Jumatatu inayofuata. Ikiandikwa kwamba asbesto ipo, watumishi wote wangehamishwa kwanza, wangepimwa vifua, na dari ingeshushwa ikiwa imeloweshwa, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Ikiandikwa kwamba haipo, mafundi wangeingia na nyundo watumishi wakiwa mezani, wakihama kiti hadi kiti kuwapisha. Bi Shaka alitaka karatasi moja tu, inayosema ipo.

Kazi kama hiyo huenda kwa barua. Msimamizi wa Ukarabati huandika barua ya siku, yenye namba, ikitaja sehemu zitakazopimwa. Nakala moja hubandikwa ubao wa matangazo, moja hupewa mkaguzi, moja hulala kwenye faili. Chini kabisa pana mstari wa mkaguzi kutia saini kwamba kazi imekamilika. Sampuli isiyo na namba ya barua maabara haiipokei, hata ukipiga magoti.

Barua ya Jumatatu ilitaja vyumba vya chini, namba moja mpaka kumi na mbili. Mtunza jengo, mzee ambaye kila mtu alimwita Mzee Funguo kwa sababu alisikika kabla ya kuonekana, alimfungulia kimoja baada ya kingine. Dari zote zilikuwa nyeupe, laini, za jipsamu isiyo na madhara. Bi Shaka alipanda, akanyunyizia, akakata kipande cha ukubwa wa kucha, akaziba tundu, akaandika namba. Alipofika chumba namba saba alimkuta Dada akichapa.

"Shikamoo Dada. Dari yako ilibadilishwa lini?"

"Marahaba. Haijabadilishwa."

"Hii ni jipsamu, tena mpya."

"Ya leo ndiyo. Yetu iko juu, imepanda asubuhi. Ukimaliza itashuka." Dada hakuinua macho. "Chai ipo kwenye chupa, jimiminie."

Bi Shaka hakumimina chai. Alipanda ghorofani. Karibu kila chumba huko kilikuwa na dari mbili, moja chini ya nyingine, na ile ya chini ilining'inia juu kidogo ya kitasa cha mlango. Zote zilikuwa za kijivu, zenye vishimo vidogo, za aina ambayo Bi Shaka angeitambua hata akiwa amefumba macho. Karani mrefu wa chumba namba kumi na tisa alikuwa anafanya kazi ameketi sakafuni.

"Utuwie radhi," alisema, "leo tuna ugeni wa chini."

Bi Shaka alichunguza kwa nusu saa. Vichwa vya misumari vilikuwa na kutu. Juu ya papi za mbao zinazoshikilia bodi palikuwa na vumbi la miaka, na kwenye pembe palikuwa na utando wa buibui, buibui mwenyewe akiwemo. Fundi mwenye hila anaweza kupaka kutu msumari, lakini hakuna anayeweza kumshawishi buibui. Bi Shaka aliandika hayo kwenye daftari lake.

Saa tisa na nusu alitia saini barua ya siku. Alikuwa anakunja ngazi korido ya chini aliposikia mburuto, kama watu wanaohamisha vitanda. Kupitia mlango ulio wazi aliiona dari nyeupe ikififia na ile ya kijivu ikishuka mahali pake, bodi moja baada ya nyingine. Dada alifunika kikombe chake kwa kiganja mpaka ilipotulia, kisha akaendelea kuchapa.

Bi Shaka hakushangaa. Kushangaa ni anasa ya watu wenye nafasi, yeye alishuku. Alianza na aliyekuwa karibu.

"Mzee, nani anaihamisha hii dari?"

Mzee Funguo alicheka mpaka funguo zikalia. "Dari nzima, binti yangu? Mimi mgongo huu hata ndoo ya maji naibembeleza kwanza. Inahama yenyewe. Inasoma."

"Inasoma nini?"

"Barua. Ikibandikwa ubaoni saa moja na nusu, kufika saa mbili imeshahama. Wameshakuja wakaguzi watatu kabla yako, watu wazuri kabisa. Wote waliandika jengo ni salama."

"Na nyinyi hamkuwaambia?"

"Waliuliza?" alisema Mzee Funguo, akaenda kufunga choo.

Jumanne barua ilitaja vyumba vya juu. Dari za juu zilikuwa nyeupe, na za chini zilikuwa mbilimbili. Dada alichapa akiwa ameinamisha shingo, na kila alipokohoa alishika meza kwa mkono mmoja ili asigonge kichwa. Bi Shaka alikata sampuli zake za jipsamu, akaziandika. Chumba kimoja tu ndicho hakikubadilika siku zote mbili: namba ishirini na nne, cha Msimamizi. Jipsamu ya humo ilikuwa jipsamu kweli, imewekwa miaka miwili iliyopita.

Msimamizi alikuwa mtu mpole, mwenye tai fupi na sauti ya kubembeleza. Alimkaribisha kiti kabla hajabisha hodi vizuri.

"Chumba chako kilibadilishwa peke yake," alisema Bi Shaka. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nasumbuliwa na mafua."

"Na wengine?"

"Wengine hawakuleta malalamiko kwa maandishi." Alitabasamu. "Una shida gani, Bi Mkaguzi? Sema tu."

"Nataka barua moja yenye vyumba vyote, siku moja."

"Utaipata kesho."

Bi Shaka alishuka ngazi akiwa hana amani. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, na ubishi wote ulibaki kinywani kama pipi iliyokataa kuyeyuka. Mtu anayekubali kabla hujamaliza kuomba, mwangalie mikono.

Jumatano, kwa barua ya vyumba vyote, vyumba vyote vilikuwa vyeupe. Dari za kijivu zilikuwa zimening'inia kwenye korido, kumi na mbili chini na kumi na moja juu, zimepangana moja chini ya nyingine, ya mwisho ikifika kiunoni mwa mtu. Watumishi walipita chini yake na mafaili kifuani, wameinama kama wanaotafuta sindano. Hakuna aliyelalamika isipokuwa karani mrefu, naye alilalamikia magoti tu.

Bi Shaka alipiga goti mwanzoni mwa korido, akavaa barakoa, akanyunyizia maji mengi, akakata kipande. Akakipeleka maabara mwenyewe, amekiweka mapajani njia nzima.

Mkemia wa maabara alikuwa rafiki yake wa miaka kumi. Alikitia chini ya hadubini, akatazama, akampisha naye atazame. Nyuzi zilikuwa nyembamba, zimenyooka, nyingi kuliko alivyotarajia.

"Ipo," alisema Mkemia.

"Andika."

"Niandike wapi? Barua inasema vyumba. Hiki umekata koridoni, na korido si chumba." Alikirudisha kipande kwenye mfuko wake. "Nisamehe, Shaka. Naiona vizuri kabisa, lakini sina mstari wa kuiandikia."

Bi Shaka hakupata usingizi usiku huo kwa sababu ya neno moja: vyumba. Kwa nini vyumba, na si sehemu zote za jengo? Alizitoa barua zake tatu, akazitazama chini kushoto, mahali ambapo mchapaji huweka herufi za jina lake. Herufi zilikuwa zile zile kwenye barua zote. Alizijua tangu utotoni. Zilikuwa zimechorwa kwenye vijiko na kwenye ndoo ya nyumbani kwao. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi alifika kabla ya Mzee Funguo kumaliza kufungua madirisha. Dada alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya njiani na kuvaa ndara za ofisini.

"Wewe ndiye unayechapa hizi barua," alisema Bi Shaka, bila salamu.

"Nani mwingine? Nachapa ninachosomewa, mdogo wangu."

"Wakaguzi watatu, Dada. Na zao ulichapa wewe. Ulikuwa unajua itakwenda wapi."

Dada alikaa. Uso wake ulipata haya, na haya ikamgeukia kuwa hasira, kama ilivyo kawaida ya watu wazima. "Ulitaka nichape nini? Nichape la kwangu, nifukuzwe? Nimebakiza miezi kumi na moja nistaafu. Halafu wewe usingefika hapa, ningekuwa nimemaliza salama."

"Unaita hicho kikohozi salama?"

"Usinipigie kelele. Mimi ndiye niliyekuogesha."

Bi Shaka alihisi vibaya kumshuku mtu aliyemwogesha, lakini hakuacha kumshuku. Alifanya yote mawili kwa pamoja. Dada alikohoa, akajifuta mdomo, akavuta kibodi karibu.

"Haya, sema. Tuandike nini?"

Waliandika kutwa nzima, katikati ya kazi nyingine za Dada. Vyumba vyote, korido zote mbili, ngazi, stoo, vyoo, jiko la chai, baraza, kibanda cha mlinzi, nafasi iliyo chini ya paa, ndani ya kuta na nje ya kuta, ndani ya makabati, chini ya sakafu, na mahali pengine popote pa jengo hili, palipo na paa na pasipo na paa. Dada alikumbuka pembe ambazo hata Mzee Funguo alikuwa amezisahau. Kuna wakati walicheka, kama zamani walipokuwa wakimtafuta kuku anayetagia mafichoni. Barua ilifika kurasa mbili. Mstari wa mwisho, juu ya nafasi ya saini ya mkaguzi, ulisema kuwa jengo limepimwa lote na matokeo yameambatishwa. Bila saini hiyo mafundi hawaingii.

Msimamizi aliisoma yote, mara mbili, kidole kikifuata mistari. Bi Shaka alisimama mbele yake akisubiri akatae.

"Mmesahau tangi la maji," alisema Msimamizi.

Akaliongeza kwa mkono wake, akatia saini.

Ijumaa saa mbili, jengo zima lilikuwa jeupe. Bi Shaka alipima kila sehemu iliyoandikwa. Koridoni hapakuwa na kitu juu ila jipsamu. Kwenye stoo, vyooni, chini ya paa, hapakuwa na bodi hata moja ya kijivu. Tangi lilikuwa na maji. Alizunguka ua, akachungulia nyuma ya ukuta wa jirani, akafungua buti ya gari lake mwenyewe, kwa kuwa siku hizi alijishuku na yeye pia. Alikata sampuli sitini na moja, na zote, kwa macho yake na baadaye kwa macho ya Mkemia, zilikuwa safi.

Saa sita aligundua kuwa jengo lilikuwa kimya mno. Hakuna aliyekuwa ameinuka kitini tangu asubuhi. Karani mrefu alikuwa akivuta pumzi kama aliyebeba gunia. Mzee Funguo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya zege, funguo zimelala pajani, hazilii. Bi Shaka alikwenda chumba namba saba karibu akimbie.

"Dada, iko wapi?"

Dada aliweka kiganja kifuani.

"Imeingia?"

"Tangu barua ibandikwe," alisema Dada, akipumua kati ya neno na neno. "Haikuwa na pengine. Tumegawana. Mimi nimepata ya chumba changu."

Alipokohoa, ndani mwake paligonga kama mtu abishaye hodi kwenye ubao.

Bi Shaka alimshika mkono, akampeleka kituo cha afya kwa gari, taratibu, akikwepa matuta. Walimpiga picha ya kifua. Daktari alikuwa kijana mwenye heshima, akaiinua picha dirishani ili wote waone. Bodi zilionekana wazi, za mraba, zimepangwa safu tatu kushoto na safu tatu kulia, papi zikipita katikati na misumari ikiwa imenyooka.

"Fundi wake alikuwa anajua kazi," alisema daktari. "Hakuna hata moja iliyopinda. Haivuji?"

"Itoe," alisema Bi Shaka.

"Mama, mimi ni mtu wa vifua. Hii ni dari. Hili ni la watu wa majengo." Akaandika barua ya rufaa, akaikunja vizuri, akaielekeza Ofisi ya Majengo.

Saa nane Bi Shaka alikuwa mbele ya meza ya Msimamizi, picha mkononi. Msimamizi peke yake ndiye aliyekuwa anapumua vizuri katika jengo lile.

"Ongeza watumishi kwenye barua," alisema Bi Shaka. "Majina yao yote. Niwapime wao."

Msimamizi aliitazama picha kwa makini, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi. "Ninaweza kuandika. Kalamu hii hapa. Lakini fikiri, Bi Mkaguzi. Wakiwa kwenye barua, haitakaa kwao. Itakwenda wapi tena? Hawa watu saa kumi wanarudi nyumbani. Wana watoto, wana wajukuu."

Bi Shaka alitafuta uongo katika maneno yale. Alitafuta kwa uzoefu wa miaka kumi na tisa, wala hakuuona. Hilo ndilo lililomtisha.

"Ukitia saini, itarudi juu," aliendelea Msimamizi, kwa upole ule ule. "Kila siku imekuwa ikirudi."

"Nikitia saini nimesema haipo."

"Si umepima? Ilikuwepo?"

Bi Shaka alichukua picha yake na barua ambayo bado hajaitia saini, akaondoka bila kuaga. Njiani alimtukana Msimamizi kwa maneno ambayo mama yake angemchapa kwa ajili yake.

Jumamosi Dada hakuweza kulala chali wala ubavu. Alikaa kitini sebuleni kwake, mito mitatu mgongoni, na Bi Shaka alikaa mkekani karibu na miguu yake, barua imewekwa mezani chini ya bakuli ya sukari. Mzee Funguo alipiga simu kuuliza, akashindwa kumaliza swali lake. Karani mrefu alilazwa. Mkewe alisema anapumua kwa zamu, mara yeye, mara dari.

Jumapili adhuhuri midomo ya Dada ilianza kubadilika rangi.

"Tia saini, mdogo wangu."

"Watakuja kesho na nyundo, Dada. Wataivunja juu ya kichwa chako."

"Kesho ni kesho. Mimi nataka pumzi ya leo."

"Basi kesho usiende. Kaa nyumbani."

"Tia kwanza."

Bi Shaka alilia. Hakujificha, wala hakugeuka. Alilia kwa sauti, kama alivyolia akiwa na miaka tisa, na Dada akamwekea mkono kichwani kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumfanyia kitu kingine. Alilia kwa uchungu wa kujua kuwa barua ile waliitunga wenyewe, kwa akili zao zote, wakicheka. Kisha alichukua ile kalamu ya wino usiofutika, akatia saini, akaipiga barua picha na kumtumia Msimamizi.

Dari ilitoka kifuani mwa Dada bodi moja baada ya nyingine, ikaondoka kwa kupitia mlangoni, maana dirisha lina nondo. Ilichukua kama robo saa. Jirani aliyekuwa anaanua nguo alisogeza kamba yake kuipisha. Dada alivuta pumzi ndefu, akakohoa kikohozi chake cha kawaida, akasema ana njaa. Kabla ya jua kuzama Mzee Funguo alipiga simu, na safari hii sauti yake ilikuwa kamili: zote zimefika, ya chumba namba saba iko mahali pake, ya namba kumi na tisa ilichelewa kidogo kwa sababu hospitali ni mbali.

Jumatatu Bi Shaka alifika saa moja, amebeba ndoo mbili na bomba la kumwagilia. Fundi mkuu alikuwa tayari yuko koridoni na vijana wake wanane, nyundo mikononi, nakala ya barua imekunjwa kwenye mfuko wa shati.

"Fundi, tafadhali. Iloweshe kwanza. Na watu hawa watoke."

Fundi alifungua nakala, akasoma polepole. "Hapa umeandika jipsamu. Jipsamu ukiilowesha inakuwa uji, inanichafulia sakafu."

"Hiyo si jipsamu. Inua macho uitazame."

Fundi aliinua macho. Aliitazama ile dari ya kijivu kwa muda wa haki kabisa, akashusha macho. "Naiona, mama. Na saini yako naiona pia. Sasa nifuate ipi?"

Kutoka chumba namba moja nyundo zilianza.

Dada alikuwa amekuja kazini. Bi Shaka alimkuta mezani kwake, ndara miguuni, chupa ya chai pembeni. Alimwomba aondoke. Alimwomba kwa jina la mama yao. Dada alisema ana barua ya haraka, akiimaliza atatoka nje kidogo kupunga upepo. Bi Shaka alitoa barakoa zake mbili, akamvalisha moja kwa mikono yake, akambana puani vizuri, na Dada akaishusha kidevuni kwa sababu miwani ilikuwa inapata ukungu. Nyundo zilikuwa zimefika chumba namba nne. Vumbi lilikuwa linaingia kwa chini ya mlango, jeupe na jepesi, na kuanza kukaa juu ya mafaili.

"Barua ya nani hiyo?" aliuliza Bi Shaka.

"Yako wewe. Ya Jumatano. Ni ile shule ya zamani ya ng'ambo ya barabara, wanataka kuikarabati, watoto wakiendelea na masomo." Dada alikohoa, akasubiri kifua kitulie, vidole vikiwa juu ya kibodi. "Nimeandika madarasa yote kumi, ofisi ya mwalimu mkuu na maktaba. Korido niiandike, au niiache?"

Bi Shaka aligeukia dirisha, ng'ambo ya barabara. Aliwafikiria watoto mia nne, kila mmoja na kifua chake kidogo.

"Iache," alisema. "Na stoo pia."